Siku ya ndege kando ya Ziwa Albert: juu gani tuifanye

*Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, hapa Bunia. Tunayachapa karibu yote kama yalivyosemwa, ili wale wenye hawakuweza kufika, na wafadhili wetu pia, wapate kuyasoma.*



Komite ilinipatia dakika makumi mbili. Niliombwa niseme juu ya pendekezo lenye liko kwenye karatasi yenu, namba tano: siku moja ya kushuka ziwani kuangalia ndege, katika mwezi wa kwanza. Najua wengi walisoma hiyo namba tano wakacheka. Mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza: "Mwanangu, mabati ya nyumba yetu hayajafika, nawe unataka twende kuangalia ndege?" Mama, swali lako ni zuri na sitalikimbia. Lakini kwanza acheni nieleze ni ndege gani, na juu gani ni mwezi wa kwanza na si mwezi mwingine.

Wageni wa majira ya jua

Hapa kwetu, mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza na wa pili, mvua inapunguka. Majani yanakauka na vumbi la Bunia linaingia mpaka ndani ya sufuria. Miezi ileile, Ulaya na Urusi kuko baridi kali. Maji ya mabwawa yanaganda, wadudu wanapotea, vyura wanajificha. Ndege mwenye anaishi kwa wadudu au kwa vyura anaweza kuvumilia baridi yenyewe, lakini njaa hawezi. Kwa hiyo anaondoka. Anaanza safari mwezi wa nane au wa tisa, anavuka jangwa la Sahara, na wengine wanafuata bonde la Nili mpaka kwetu. Mwezi wa tatu na wa nne anarudi kule kutaga mayai. Wazungu wanamwita ndege wa wakati wa baridi, juu wao wanahesabu kwa kalenda yao. Sisi tunamuona wakati wa jua.

Mchukue mbayuwayu, yule mwenye mkia wa makasi, anayeruka chini chini juu ya kiwanja cha mpira jioni. Kuko wale wa hapa wenye hawahami, na kuko wenye wanatoka Ulaya. Uzito wake ni karibu gramu 20 tu. Mwaka 1911, kule Uingereza, mbayuwayu mmoja alivishwa kipete chenye namba kwenye mguu. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 1912 akakamatwa Natal, Afrika ya Kusini, na kipete chake. Hapo ndipo Waingereza walijua kwa hakika mbayuwayu wao wanaenda mpaka wapi.

Kabla ya hapo, wasomi wa Ulaya walikuwa wameandika mambo mengi. Wengine walisema mbayuwayu wanalala kwenye matope chini ya maji mpaka baridi iishe. Halafu, mwaka 1822, Ujerumani, karibu na mji wa Klütz, watu waliua korongo mweupe mwenye mkuki umepita shingoni. Mkuki wenyewe ulikuwa umetengenezwa Afrika. Ndege alichomwa huku kwetu Afrika, hakufa, akarudi nao mpaka Ujerumani. Mpaka leo amehifadhiwa kwenye chuo kikuu cha Rostock, na mkuki wake shingoni. Yule mwindaji wa Afrika alifikiri amepoteza chakula cha jioni. Kumbe alikuwa amewapelekea wasomi jibu la swali lao.

Najua kuko mtu ataniambia: "Ndege hawa ni sawa na sisi, walikimbia wakarudi." Nimesikia maneno hayo mara nyingi kwenye semina, na mimi siyapendi sana. Ndege anaondoka juu ya majira, na mwezi wa kurudi anaujua. Sisi tuliondoka juu ya risasi, na hakuna mwenye alijua tarehe. Basi tuwaache ndege wawe ndege. Wanatosha hivyo hivyo.

Kuko nini kule chini

Kutoka Bunia unapita Bogoro, halafu barabara inateremka ule mlima mpaka joto linakupiga usoni, na ziwa liko mbele yako. Maji yako mita 619 tu juu ya bahari. Ziwa lina urefu wa kilometa karibu 160 na upana wa karibu 30. Upande wa kusini mto Semliki unaingia. Unatoka kwenye Ziwa Edward, unapita ndani ya Hifadhi ya Virunga, unakuwa mpaka wetu na Uganda, halafu unamwaga udongo wake ziwani. Udongo ule ndio unazaa kinamasi: mafunjo, matete, maji ya magoti, matope. Mtu anaona pahali pa mbu. Ndege anaona meza imetandikwa.

Wenyeji utawakuta mwaka mzima. Tai mla samaki, mwenye kichwa cheupe, sauti yake inafika mbali. Mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe, anayesimama hewani akipiga mabawa, halafu anajitupa majini kama jiwe. Mnandi mweusi anayekausha mabawa juu ya mti. Fundichuma mwenye nyumba kubwa ya vijiti, yule wazee wengi wanakataza kumgusa. Na yangeyange nyuma ya ng'ombe.

Halafu wageni. Vitwitwi wadogo wanaokimbia kwenye matope na kuchomachoma mdomo. Buabua wenye mabawa meupe, wanaoruka makundi makundi juu ya maji. Keremkerem wa Ulaya, rangi zake zinashinda kitenge kipya. Na siku ya bahati, korongo mweupe mwenye miguu myekundu, anayezunguka juu sana bila kupiga mabawa. Huyo anabebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, ndiyo maana wale wa Ulaya ya mashariki hawavuki bahari ya Mediterania moja kwa moja. Juu ya bahari hakuna hewa ya kuwapandisha. Wanazunguka Uturuki, Israeli na Misri, kisha wanashuka na Nili.

Na kuko mmoja mwenye watu wanatoka mbali sana kumtafuta, korongo-nyangumi, mrefu kupita mita moja, mdomo kama kiatu kikubwa cha mbao. Duniani kote waliobaki hawafiki elfu kumi. Upande wa Uganda, kusini ya ziwa hilihili, karibu na Ntoroko na hifadhi ya Toro-Semliki, wageni wanalipa mtumbwi kwenda kumuona. Na korongo-nyangumi havuki mpaka kwa jetoni. Siwaahidi kwamba tutamuona. Ninasema tu kwamba tuko kwenye ziwa lake.

Watu wengine wanafanya namna gani

Kwenda kuhesabu ndege wakati wa baridi ni desturi ya zamani kule kwao. Amerika, siku ya Noeli, watu walikuwa na mashindano ya kuua ndege: kundi lenye limerudisha mizoga mingi ndilo limeshinda. Tarehe 25 ya mwezi wa kumi na mbili, mwaka 1900, bwana Frank Chapman aliwaomba watu watoke siku hiyohiyo, lakini wahesabu, wasiue. Watu 27 walikubali. Hesabu hiyo inafanyika kila mwaka mpaka leo. Tangu 1967 kuko pia hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini kila mwezi wa kwanza, na Afrika nayo imeingia. Mwezi wa kwanza unachaguliwa juu wasafiri wamekwisha kufika na wametulia. Ndiyo maana na sisi tunasema mwezi wa kwanza.

Lakini mfano wenye uko karibu nasi ni wa Uganda, kule tulikokaa. Mabamba, kando ya Ziwa Victoria, si mbali na Entebbe, ni kinamasi cha mafunjo. Wavuvi wa pale zamani walimchukia korongo-nyangumi. Walisema ukikutana naye asubuhi, siku hiyo hupati samaki, na waliweza kumuua. Mwaka 2006 kinamasi kiliwekwa kwenye orodha ya Ramsar, orodha ya dunia ya ardhi zenye maji, ile yenye mkataba wake ulitiwa sahihi tarehe 2 ya mwezi wa pili, 1971. Leo watu wa kijiji wanawapeleka wageni kwa mitumbwi kumtafuta ndege yuleyule, na jioni wanarudi na pesa ya unga na ya shule. Mvuvi sasa anaomba akutane naye asubuhi.

Nchi yetu nayo iko kwenye mkataba ule tangu 1996. Virunga imo. Kule magharibi, Ngiri-Tumba-Maindombe imo tangu 2008, kubwa kupita kilometa za mraba 65,000. Upande wetu wa Ziwa Albert haumo. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Ninasema ili tujue kwamba matete ya kwetu hayana mlinzi mwingine zaidi ya wale wenye wanaishi kando yake.

Mambo tuliyoyaona mwaka jana

Mwaka jana tulijaribu. Tulishuka watu kumi na moja tu, na darubini mbili za kuazima. Wengine walitoka Bunia, wengine walikuwa wamerudi vijiji vya kando ya ziwa. Hatukuchagua watu wa upande mmoja. Mnaelewa ninachosema.

Nitawapa mambo matatu ya siku ile.

La kwanza. Tulikuwa na karatasi yenye picha za ndege, na nafasi tupu mbele ya kila picha, watu waandike jina kwa luga yao. Tulipofika kwenye picha moja, wababa wawili wenye walikuwa wamekaa mbali mbali tangu asubuhi walitoa jina lilelile, pamoja, kwa sauti moja. Mmoja Hema wa kaskazini, mwingine Lendu. Kila mtu hapa anajua kwamba luga ya nyumbani ya watu hao ni moja, lakini tangu vita hatupendi kulisema. Hawakukumbatiana, sitawadanganya. Waliangaliana, mmoja akacheka kidogo, halafu wakaanza kubishana kama ndege yule anataga mayai mawili au matatu. Walibishana mpaka chakula. Kwangu mimi, ubishi wa mayai ni hatua kubwa.

La pili. Kulikuwa na mama mwenye alivuka ziwa mwaka 2018, usiku, na watoto, kutoka ufuko uleule mpaka Sebagoro. Wengi wenu mlivuka hivyo. Mnakumbuka mitumbwi ile, na kipindupindu kilivyotupokea Kyangwali. Gari liliposimama, mama yule hakushuka. Alikaa ndani karibu saa nzima akiangalia upande mwingine. Hatukumlazimisha. Halafu kijana mmoja alipiga kelele kwamba tai amekamata samaki, na yeye akashuka kuangalia. Jioni ndiye alikuwa ameshika darubini na hataki kuitoa. Akaniambia: "Hili ziwa, kwangu lilikuwa usiku tu. Sikujua mchana wake."

Sidai kwamba ndege wanaponya mtu. Mwenye anahitaji kuongea na mtu aliyesomea mambo ya roho iliyoumia, tutaendelea kumpeleka. Lakini niliona kwamba kurudi pahali si kurudi na mizigo tu. Wengi wetu tumerudi Ituri na bado kuko barabara, kuko soko, kuko ufuko, penye hatujarudi kwa miguu yetu. Barabara yenyewe ya Bogoro, kila mmoja hapa anajua mambo ya mwezi wa pili, 2003. Kupita pale tukiwa pamoja, na sababu ya kupita si maziko wala kukimbia, hilo peke yake ni kazi.

La tatu ni baya kidogo. Tulikuta kipande cha matete kimechomwa moto, bado kinatoa moshi, na mtu ameanza kulima mashimo ya mboga. Vijana walikasirika. Kisha mwenye shamba akafika, na kumbe ni mwanachama wetu. Alirudi kutoka Uganda, akakuta shamba la baba yake linalimwa na wengine, akaogopa kugombana, akaenda kujitafutia kipande mahali penye hapana mwenyewe. Matete hayana mwenyewe, ndivyo alivyofikiri.

Matete yana wenyewe

Hapa ndipo jambo lenyewe la leo liko, na ninaomba tulisikilize vizuri.

Ndani ya matete, samaki wanataga, na watoto wa samaki wanajificha humo mpaka wapate nguvu. Ukichoma matete, umechoma chumba cha kuzalia. Wavuvi wenyewe wa Kasenyi na Tchomia wanalia kwamba samaki wanapunguka na wanakuwa wadogo. Wanalaumu nyavu za matundu madogo, na ni kweli, lakini chumba cha kuzalia nacho kinahesabika. Tena matete na mafunjo yanashika udongo na kuvunja nguvu ya mawimbi. Mnakumbuka tangu 2020 maji ya ziwa yalivyopanda, nyumba za Ntoroko zikaingiliwa. Hakuna kinamasi chenye kinaweza kuzuia ziwa zima lisipande, lakini ufuko wenye matete haulikwi na mawimbi upesi sawa ufuko mtupu.

Kwa hiyo yule ndugu yetu hawezi kufukuzwa tu kama mhalifu. Njaa yake ni ya kweli, na shamba la baba yake pia ni la kweli. Tukimwambia "acha matete juu ya ndege", atatucheka, na ana haki. Pendekezo letu ni mambo mawili kwa pamoja. Komite yetu ya mashamba ishike kesi yake na kuipeleka kwa chefu wa lokalite, na tumsindikize mpaka mwisho, juu mtu mwenye kurudishiwa shamba lake hana haja ya kinamasi. Na sisi, pamoja na machefu na wavuvi, tuchague kipande kimoja cha matete, si chote, chenye wote tunakubali hakitachomwa. Kila mwezi wa kwanza tutarudi kukihesabu: ndege wangapi, wa namna gani. Ndege wakipunguka, tutajua kuko jambo kabla samaki hawajatuambia.

Sasa mnaona juu gani ninataka tuhesabu, si kutembea tu. Mwanachama mmoja mmoja hawezi kulinda matete. Lakini watu makumi tatu wa vijiji mbalimbali, wenye wamesimama pale wakaandika hesabu kwa mkono wao, mwaka baada ya mwaka, hao wanaweza kwenda mbele ya chefu na karatasi.

Pesa, mama

Sasa swali la mabati.

Kisanduku chetu cha wagonjwa na maziko hakitaguswa hata franka moja. Pesa ya mabati iko kwenye akaunti yake na ina kazi yake. Mwenye anaenda ziwani atachangia gari, sawa vile tunachangia likelemba, na chakula tutanunua kwa wamama wa Kasenyi wenyewe, fufu na samaki, ili pesa ibaki pale. Mwenye hana, na anataka kwenda, aniambie pembeni. Tutaona.

Lakini mama, ruhusu nikujibu zaidi kidogo. Tangu turudi, kila mkutano wetu ni juu ya kitu chenye tumekosa: bati, mbegu, karo, dawa. Ni lazima iwe vile. Hata hivyo kuko watoto kati yetu wenye wamezaliwa Kyangwali, na jina la Ituri wamelisikia tu kwenye orodha ya kugawa vitu. Ningependa wajue pia kwamba Ituri ni pahali penye ndege anatoka Poland na kuchagua kukaa miezi mitatu. Bati utapata, tunalipigania. Hili nalo ni lao.

Kanuni za siku yenyewe

Tangu mwezi wa tano 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, na kila mtu anajua usalama wa barabara unabadilika kwa wiki. Kwa hiyo nisikilizeni vizuri.

Barua ya ruhusa itatoka wiki mbili mbele, kwa wakuu wa Bunia na wa kule chini. Kila mtu atembee na karatasi yake ya kitambulisho.

Darubini ni kitu cha hatari. Mtu mwenye darubini na daftari, mbele ya kituo cha askari, anaonekana kama mpelelezi. Darubini zitakaa ndani ya mfuko mpaka tufike pahali penye tumeonyeshwa. Hakuna kupiga foto ya askari, ya vituo, wala ya mashua za serikali.

Ndege wanaonekana vizuri zaidi alfajiri. Lakini hatutasafiri gizani juu ya ndege. Wanachama wa Kasenyi na Tchomia wataanza kuhesabu saa kumi na mbili ya asubuhi, wa Bunia watawakuta pale. Saa nane magari yanageuka. Na angalieni simu zenu: kule ufukoni simu inaweza kukamata rezo ya Uganda na kusogeza saa moja mbele. Mtu asituambie "saa nane imefika" kumbe ni saa ya Kampala. Saa ni ya Bunia.

Hatupandi mtumbwi mwaka huu. Tunabaki nchi kavu. Wale wenye walivuka wanaelewa, na wenye hawakuvuka wametusikia.

Kila mtu abebe maji yake ya kunywa. Ya ziwa hapana.

Ndege mwenye amekufa haguswi, haliwi, hapewi mbwa. Mwaka 2017, mwezi wa kwanza, homa ya ndege iliua buabua wengi Lutembe, karibu na Entebbe, na mwaka uleule ikaingia kwenye kuku na bata wa Ituri kando ya ziwa letu. Ukimuona ndege amekufa, niite. Tutamjulisha daktari wa mifugo.

Ukikuta ndege amekufa na ana kipete mguuni, hata hapo usimguse kwa mikono. Soma namba na maandishi, tuandikie. Ndege mzima mwenye kipete aachwe aende zake. Na kama mtu anakuuzia mtoto wa ndege mkubwa wa kinamasi, usinunue. Ukinunua mmoja, kesho wataenda kutoa wawili.

Mwisho wa kanuni: kama usiku wa mbele habari si nzuri, tunaacha. Pesa inarudi kwa kila mtu, na hakuna kumwita mwenziye mwoga.

Neno kwa wafadhili wetu

Gazeti hili mnalisoma, na tunawashukuru. Niruhusuni niseme wazi, juu mmetuzoesha kusema wazi.

Siku hii msitugeuzie kuwa mradi. Tukianza kuandika ripoti ya siku ya ndege kila miezi mitatu, na orodha ya kutia sahihi, na pesa ya usafiri kwa kila mwenye amekuja, watu watakuja juu ya pesa, na siku pesa itakapoisha, siku ya ndege imekufa. Msituombe pia foto ya mtu wa kabila hili na mtu wa kabila lile wameshika darubini moja. Wale wababa wawili wa mayai, wangejua wanapigwa foto, wasingebishana.

Kama mnataka kusaidia, tuko na haja ya vitu viwili: darubini mbili zetu wenyewe, na kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe cha ndege wa Afrika ya Mashariki. Kongo haimo kwenye kitabu kile, lakini ndege wa ziwa ni walewale. Na kama mnataka kusaidia zaidi, ongezeni nguvu kwenye kesi za mashamba. Huko ndiko matete yanaokolewa.

Tunachoomba leo

Naomba mkutano uamue mambo matatu kwa kuinua mkono. Moja, kama siku hii ifanyike Jumamosi ya tatu ya mwezi wa kwanza. Mbili, kama komite ya mashamba ishike kesi ya yule ndugu yetu, kuanzia wiki hii, bila kungojea mwezi wa kwanza. Tatu, tuchague watu wanne, wawili wa Bunia na wawili wa kando ya ziwa, waende kuongea na machefu na wavuvi juu ya kipande cha matete. Kati ya hao wanne, ningeomba wawili wawe wamama.

Kama mtaamua "hapana" kwa la kwanza, bado naomba "ndiyo" kwa la pili. Karatasi ya majina iko kwa sekretari, pale karibu na bidoni la maji. Maswali, niko hapa.



*Mkutano ulikubali mambo yote matatu. Kwenye la kwanza, mikono michache haikuinuliwa. Karatasi ya majina bado iko kwa sekretari.*